Kujitegemea kwa Kufuata Mwezi

Kujitegemea kwa kijana wa Kigwena, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika huko Rumonge, Burundi, huanza kwa nyumba. Baba humkatia mwanawe kipande cha itongo, ardhi ya ukoo, naye hujenga hatua chache kutoka mlango wa mama. Kwa umbali huo harufu ya mukeke, samaki wa ziwa hilo, wa kukaanga hufika bila kutumwa. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 humhesabu mtu mzima afikapo miaka 21. Chungu cha mama hakina habari nayo.

Mchikichi uliopandwa leo huchukua miaka mitatu au zaidi kuzaa, na mpandaji, wakati akingoja, hula kwa baba. Ziwa lina haraka zaidi. Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, hivyo giza likiwepo mvuvi ni bwana mkubwa, hata salamu huitikia kwa kidevu. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika, na bwana mkubwa huonekana jikoni kwa mama, amekuja “kusalimia”. Salamu hizo humalizika mwezi ukififia.

Binti hana shida ya kurudi. Mila haimgawii itongo; hujitegemea kwa kuhamia jikoni kwa mama wa mtu mwingine.

Itongo lenyewe halikui. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wengi wamerudi kudai mashamba yao, ndugu nao wanaendelea kugawana. Kwa mwendo huo, mjukuu atajitegemea barazani kwa babu.