Sigaa ya Mwenye Duara

Usiku wa Desemba 31, Katoro, mkoani Geita. Mwenye duara la dhahabu aliyeangukia mwamba mzuri haringi tena kwa bia. Kajiagizia sigaa ya Cuba, nene kama mpini wa sururu. Vijana wake, ambao viroba vyao vya mawe bado vinasubiri zamu karashani, wanapewa heshima ya kuwasha kiberiti. Bosi anavuta mpaka mapafuni. Anakohoa. Wanapiga makofi. Moshi wa sigaa huonjwa mdomoni ukaachiwa, lakini nani amwambie bosi?

Na tumbaku yenyewe iko jirani. Ukishuka Kahama ukafika Ushetu, mkoani Shinyanga, Desemba hiyohiyo utaikuta changa shambani, ikingoja mvua na mbolea ya mkopo. Kweli, hiyo ni Virginia, ya kukaushwa mabanini kwa joto la kuni. Ni jani la sigara za kawaida, Havana hawalitaki. Mkulima ataipeleka chama cha msingi, ipangiwe madaraja, ipimwe, isafiri ng'ambo. Yeye abaki na deni.

Mwakani, bosi, pitia Ushetu. Wazee watakufundisha kuvuta bila kukohoa, tena kwa msokoto wa gazeti la jana.