Sifa za Njaa ya Kulipia

Njaa imesingiziwa mengi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na tangu hapo hakuna aliyesimama kuitetea. Mtetezi wake nitakuwa mimi, ila kwa njaa ya aina moja tu ambayo wahenga hawakuijua: ile inayonunuliwa. Huuzwa kwenye kambi za kusafisha mwili, ambako mgeni hulipia malazi ya juma zima ili asipikiwe. Asubuhi juisi ya kijani yenye ladha ya majani ya uani, mchana kabeji na karoti zilizokunwa, jioni karoti na kabeji. Njaa hii ni miiko mitupu: chumvi mwiko, sukari mwiko, maziwa mwiko, chai ndiyo kabisa, na chakula hakiruhusiwi kupata joto zaidi ya nyuzi 40 hivi, au 48 kwa wenye imani haba. Maskini akishinda na njaa huhurumiwa; mwenye pesa akishinda na njaa hupongezwa.

Pa kuionja ni Naro Moru, wala sisemi hivyo kwa upendeleo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kati ya Nyeri na Nanyuki, na usiku baridi ya Mlima Kenya humtamanisha supu kila mwenye akili timamu. Kuikataa supu Mombasa si kazi. Kuikataa hapa ni ushujaa. Tena mlima huu una historia ya njaa ya hiari. Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita karibu na Nanyuki wakiwa na akiba ya chakula walichojinyima kidogokidogo. Benuzzi na Balletto walishindwa kufika kilele cha Batian, wakapandisha bendera yao Point Lenana, mita 4,985, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao, hoi kwa njaa. Waingereza waliwahukumu siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia saba. Ndivyo dunia ilivyoendelea: zamani ukikondea mlimani ulifungwa, leo unakatiwa risiti.

Fadhila kuu ya njaa hii ni ufasaha. Njaa ya kawaida huuma ikanyamaza; hii kila uchungu wake una maelezo. Siku ya pili kichwa kinagonga, na mgeni anaambiwa sumu inatoka. Mbishi atasema ni kafeini: aliyezoea chai au kahawa akiiacha ghafla, kichwa huanza kumuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye, na katika kaunti ya Nyeri, inayolima vyote viwili, ni vigumu kumpata asiyezoea. Huenda ni kweli, lakini nani atalipa pesa zote hizo aambiwe amekosa chai? Mizani nayo inaonyesha kilo mbili zimekwenda. Mbishi yule yule atasema mwili umetumia akiba yake ya wanga, ambayo kila gramu huhifadhiwa na takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo yaliyotoka ni maji na chapati mbili tatu zitayarejesha. Na sumu? Atasema ini na figo huichuja usiku na mchana. Hapo nakubali, na ndiyo kasoro ya viungo hivyo: vinafanya kazi bure kama mama wa nyumbani, basi hakuna anayeviheshimu.

Pingamizi zito zaidi linatoka jikoni. Nyeri ni nchi ya githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na githeri haiingii kambini, maana maharagwe mekundu mabichi yana lektini inayotapisha hata yakiliwa manne au matano, mpaka yachemshwe sawasawa. Nduma mbichi inawasha koo. Waru mbichi, yaani viazi, tuache. Zinabaki kabeji na karoti, na hata karoti yenyewe, mwili hupata beta-karotini yake vizuri zaidi ikipikwa kwa mafuta kidogo. Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe wa msitu wa Kibale nchini Uganda, anashikilia kwamba moto wa kupikia ndio uliotufanya watu. Sokwe hao hutumia karibu saa sita kwa siku kutafuna. Utafiti wa Giessen, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba karibu thuluthi moja ya wanawake wa chini ya miaka 45 walioshika ulaji wa vyakula vibichi kwa muda mrefu hedhi yao ilikuwa imevurugika au kukoma. Najibu kwamba mgeni wetu ana juma moja tu, na anayetafuna saa sita hapati nafasi ya kusengenya. Kuhusu gesi sina utetezi. Kabeji ina rafinosi, sukari tusiyoweza kuimeng'enya. Bakteria wa utumbo mpana huichachusha, na matokeo husikika vizuri sana katika kipindi cha kutafakari kimyakimya.

Limebaki lalamiko la majirani. Naro Moru iko Kieni, upande mkavu wa Nyeri, na ni kwa ajili ya Kieni kwamba Nyeri imo kati ya kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya. Mvua ikikosekana, wapo wanaolala njaa bila kulipa chochote. Je, njaa ya kununua si kuwadhihaki? La, inawaheshimu kuliko hotuba nyingi, kwa sababu inakiri kwa bei yake kile walichokosa, yaani lango. Mgeni anajua tarehe ya kutoka, na hoteli za stendi zina githeri motoni. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwenye jiko la wafanyakazi inamkumbusha hilo kila jioni. Pesa zote ni za lango. Kabeji haiwezi kuwa na bei hiyo, maana soko likifurika mkulima humpa ng'ombe.

Sifa zangu basi zinakomea langoni, na kuna miili isiyo na lango. Anayejidunga insulini, sukari yake inaweza kushuka usiku wa manane, na mjamzito ana mgeni tumboni ambaye hakuomba kusafishwa. Hao wamwone daktari kabla ya kulipa chochote, na daktari akikataa, wale githeri.