Kiatu Changu Kimebaki Karne ya 14

Jumamosi iliyopita bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye umri wa kupewa shikamoo na mtaa mzima, aliniamuru niketi kwenye tope, nami nikaketi. Mguu wa kulia ulikuwa umezama hadi pajani. Mbwa wake alikuwa ananilamba sikio. Wifi yangu alikuwa amesimama juu ya jiwe kavu, simu mkononi, anarekodi, na kila baada ya muda ananiambia nitazame huku.

Kabla sijafika nyumbani Peckham, London, Tanga nzima ilikuwa imeshaniona. Mama mkwe alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Mwanangu, kumbe na Ulaya kuna matope?" Shemeji wa Kasese, ambaye miezi yote hana la kusema, aliamka siku hiyo kutukumbusha kwamba Rwenzori kuna kinamasi kiitwacho Bigo, na kwamba kule hata mpagazi wa siku ya kwanza anajua kuvaa gambuti. Mimi katika hali ile ndiyo picha ya kundi hadi naandika haya.

Safari ilikuwa ya wifi. Alisema tunaishi nchi ya watu miaka na miaka na tunachokijua ni mtaa wetu wa Rye Lane peke yake. Mimi sikuona tatizo. Rye Lane ina mihogo, ndizi za kupika, samaki ambaye macho yake bado yanang'aa, na wasusi wanaokuita kutoka mlangoni na kukueleza hali ya kichwa chako mbele ya watu. Lakini wifi alikuwa ameona picha za Marsden, kijiji cha Yorkshire ya magharibi kilichojificha bondeni kati ya Manchester na Huddersfield, na juu yake nyika pande zote: vilima vipana visivyo na mti, vimefunikwa vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau hadi upeo wa macho. Picha zile zilikuwa za Agosti. Tulikwenda Novemba. Zambarau ilikuwa imekufa, nyasi zote zimekuwa kahawia, na kule mwezi huo jua huzama mnamo saa kumi alasiri, watu wengine wakiwa bado hawajanywa chai.

Njia ya kupanda, kwa haki, ni nzuri. Sehemu nyingi za njia za miguu za milima ile zimetandikwa mabamba makubwa ya mawe, na mengi yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Yamelazwa juu ya mboji yanaelea. Ukikaa juu ya mabamba hayo unaweza kuvuka nyika nzima na soksi nyeupe. Nilikuwa juu ya mabamba hayo. Wifi akageuka na simu.

"Wifi, rudi nyuma kidogo, kichwa kinakatika."

Nikarudi.

"Kidogo tena."

Nyuma yangu palikuwa na kipande cha kijani kibichi, laini, safi, mahali pekee pasipo na huzuni katika kilima kizima. Nikarudi.

Hapa lazima nieleze kilichokuwa chini ya kijani hicho, maana tangu Jumamosi sisomi kitu kingine. Ni kuvumwani aina ya sfagnamu. Haina mizizi. Kila jani lake lina seli za namna mbili: nyembamba zilizo hai, ambazo hutengeneza chakula, na kubwa zilizokufa, tupu, zenye vitundu, ambazo kazi yake duniani ni kunywa maji. Kuvumwani hii hubeba maji yenye uzito hata mara 20 ya uzito wake ikiwa kavu. Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliikusanya kwa magunia, wakaikausha na kuifunga kwenye vidonda vya askari, kwa sababu ilifyonza kuliko pamba. Juu inaota, chini inakufa, ila haiozi. Maji yamefukuza hewa, na mmea wenyewe unatia tindikali kwenye maji hayo ili jirani yeyote asijaribu kuota. Basi kila mwaka mfu wa mwaka huu analala juu ya mfu wa mwaka jana, na mboji inapanda kiasi cha milimita moja.

Milimita moja kwa mwaka. Nilipofika nyumbani nilichukua utepe wa fundi cherehani nikapima kutoka unyayoni hadi lilipoishia doa la mboji: sentimita 69. Kwa hesabu hiyo kisigino changu kilitua karibu na mwaka 1331, ambao msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa na kuusifu mji. Yeye aliona misikiti. Mimi nilihisi kitu baridi kikiingia soksini.

Na kiatu kimebaki huko. Ni raba nyeupe niliyoinunua Rye Lane kwa muuzaji aliyeniapia kwamba haipitishi maji, na siwezi kumlaumu, kwani maji hayakupita kwenye soli. Yaliingia kwa juu. Hakitaoza. Mwaka 1984, Lindow Moss, kusini mwa Manchester, wafanyakazi wa kukata mboji walimkuta mtu aliyelala humo karibu miaka 2,000. Ngozi yake ipo, ndevu zipo, kucha zipo, na tumboni wataalamu walikuta chakula chake cha mwisho. Sasa yuko British Museum, ndani ya kioo. Kwa hiyo natarajia kwamba mnamo mwaka 4000 na ushei raba yangu nayo itachimbuliwa, itaoshwa kwa brashi ndogo, na kibao kitaandikwa kwamba ilitumika katika ibada. Angalau itakuwa imeingia jumba lile bila kubebwa na askari, jambo ambalo vitu vya Maqdala, vilivyochukuliwa Ethiopia mwaka 1868, haviwezi kulisema.

Kuhusu kunasa: tatizo halikuwa kuzama, kuzama kulikwisha mara moja. Tatizo ni kutoka. Ukivuta mguu juu kwa nguvu, chini ya unyayo panabaki pengo lisilo na hewa, na pengo hilo linakuvuta kurudi. Kadiri unavyovuta, ndivyo linavyovuta, nalo halichoki. Dawa ni kulala nyuma ili uzito utawanyike, halafu unauchezesha mguu polepole, mbele, nyuma, hadi maji yapate upenyo wa kushuka kando yake. Yaani unatakiwa kuacha kupigana na kuketi kwa adabu ndani ya kitu kinachokumeza. Wifi hakulijua hilo. Wifi alijua kukuza picha.

Bibi alitokea juu ya kilima na fimbo mbili za kutembelea. Nilimwamkia. Mtu wa umri ule hawezi kukuvuta hujamsalimu. Nikamwambia habari za mchana kwa Kiingereza changu cha mahojiano ya kazi, nikiwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili. Akajibu kwamba mchana si mbaya ila mvua itafika saa tisa. Halafu akasema, "Kaa chini, kipenzi." Yorkshire kila mtu ni kipenzi, hata dereva wa basi anapokufokea.

Nikakaa. Maji yakapanda kwa njia yake hadi mahali ambapo sitapataja. Bibi akaniomba nisitapetape, nami nikadhani ananihurumia, mpaka aliponieleza kwamba anajitolea kupanda kuvumwani kwenye nyika hiyo. Moto mkubwa uliiunguza mwaka 2019, na tangu hapo wanarudisha mmea huo kwa mkono, kishina kimoja kimoja. Nilikuwa nimeketi juu ya kazi za watu. Alinivuta kwa upole mwingi, na sina hakika upole huo ulikuwa wa nani kati yangu na kuvumwani.

Akivuta, akanipa na historia. Zamani nyika hizi zilikuwa za matajiri kuwindia ndege, na maskini wa viwandani hawakuruhusiwa kukanyaga. Aprili 1932 mamia ya vijana walivamia nyika ya Kinder Scout, si mbali sana kutoka pale, kudai haki ya kutembea tu, na watano wakafungwa jela. Sheria ya kuwafungulia watu ardhi hizo ilipitishwa mwaka 2000. Miaka 68. Watu wamekwenda jela ili mimi nipate haki ya kuzama.

Ni wakati huo ndege akalia. Kule kuna ndege wa jamii ya kwale, mwekundu wa kahawia, mnene, hukaa vichakani mwaka mzima. Bibi akaniuliza kama nimemsikia, akasema tangu utotoni wamefundishwa kwamba ndege huyu anasema, "Rudi nyuma! Rudi nyuma! Rudi, rudi, rudi!" Ukishaambiwa hivyo huwezi tena kusikia kitu kingine. Ndege ana sauti ya karani mwenye mafua. Wifi alicheka hadi simu ikatikisika, na kwenye video unaona kilima kikiruka.

Mimi nilicheka pia, pale kilimani. Usiku sikucheka. Mwaka 2013 serikali ya nchi hii ilizungusha magari yenye mabango katika wilaya sita za London, ikiwaambia watu wasio na vibali warudi makwao au wakamatwe. Southwark, wilaya yetu, haikuwamo, lakini mwenye rangi yangu hakuhitaji gari lipite mtaani kwake ndipo asome. Baadaye tathmini ya serikali yenyewe ilisema magari yale yaliwaondosha watu 11. Kumi na mmoja! Na mtu mzima mwenye viza, tangu Februari 2024, kwa kawaida hutozwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya matibabu, juu ya ada ya viza yenyewe, juu ya kodi inayokatwa kwenye mshahara na kulipia matibabu yaleyale. Unalipa yote, unatunza risiti, siku unayokwenda kupunga upepo unapigiwa kelele na kwale. Ndege simlaumu, ndiyo lugha aliyopewa. Nawalaumu waliomsikiliza mamia ya miaka na katika maneno yote ya Kiingereza wakachagua hayo.

Nilipotoka, mguu ukiwa rangi ya chai ya rangi, bibi aliniuliza natokea wapi. Nikajikaza, nikijua swali la pili linalofuata hilo siku zote. Nikasema Peckham.

Swali la pili halikuja. Bibi alishika kifua. "Peckham!" akasema. "Na usalama ukoje huko, kipenzi?"

Nilikuwa na kiatu kimoja. Nguo yangu ya ndani ilikuwa imebeba maji ya karne kadhaa. Ardhi ya kijiji chake ilikuwa imetoka kujaribu kunila mbele ya mashahidi, na yeye alinisikitikia kwa ajili ya mahali ambapo hatari iliyo karibu yangu ni mwenye duka la mihogo akinipunja. Akaendelea kuniuliza kuhusu ile tamthilia ya vichekesho iliyoanza mwaka 1981, ya ndugu wawili wachuuzi wa Peckham, ndiyo Peckham pekee anayoijua. Nikamwambia wachuuzi tunao bado ila wamebadilika sura. Kisha akavua skafu yake akanifunga mguuni, na kwa sababu hiyo siwezi kumsema vibaya inavyostahili.

Tukashuka naye. Kondoo wa bondeni walikuwa na matako mekundu, wengine ya buluu, na wifi akadhani ni timu. Bibi akamweleza, bila kupunguza mwendo wala sauti, kwamba Novemba ndio msimu wa kuwaachia madume, kwamba dume hupakwa rangi kifuani ili amwachie alama kila jike aliyempanda, na kwamba baada ya siku kama 16 mfugaji hubadilisha rangi ili ajue nani atazaa lini, mimba ya kondoo ikiwa ni miezi mitano. Wifi, ambaye mbele ya wakwe hutaja neno "mimba" kwa kunong'ona, alitazama viatu vyake hadi kijijini. Kondoo wa Marsden, kwa taarifa yako, ndio walioandikwa na magazeti mwaka 2004 kwa kujifunza kulala chini na kubingirika juu ya vyuma vilivyowekwa barabarani kuwazuia, wakaingia kwenye bustani za watu. Walijua kulala chini. Mimi nilingoja kufundishwa.

Baa ilikuwa wazi, jiko limefungwa.

Treni ya kurudi ilifutwa kwa sababu ya majani yaliyoanguka relini, na majani hayo hayakuwa hata mabichi.

Wifi tayari anapanga kurudi masika, Aprili, wakati Marsden wanapomsherehekea ndege kekeo. Hadithi ni kwamba wazee wa kijiji waligundua kekeo akija huja na jua na akiondoka huondoka nalo, wakaamua kumjengea ukuta ili asitoke tena. Waliweka jiwe juu ya jiwe, na siku ya kuondoka kekeo akapita juu ya ukuta kwa kiasi kidogo tu. Wakalaumiana kwamba umepungua mstari mmoja wa mawe. Wifi anasema huo ni upumbavu wa watu wa shamba. Akae pale Novemba na kiatu kimoja, atakuwa wa kwanza kubeba mawe.