Heko Sid, Mvunja Midoli

Toleo rasmi la mfumo endeshi wa Debian limesifiwa vya kutosha. Ni tulivu, halishtui mtu, asubuhi unalikuta vilevile ulivyoliacha jana. Ng'ombe wa kihambani anayeletewa majani ya migomba bandani naye ana utulivu huo. Anayestahili sifa ni Sid, tawi lisilo tulivu la Debian, aliyepewa jina la mtoto mtukutu wa filamu ya Toy Story, yule mharibifu wa midoli, na hajawahi kulitia jina hilo aibu. Programu mpya hupita kwake kwanza; zikipona huenda tawi la kati, ambalo kila baada ya miaka miwili hivi hugandishwa, likasafishwa, likatolewa rasmi. Yeye mwenyewe hatolewi kamwe. Ni Mawenzi kabisa, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro: mita 5,149 za mawe yanayomeguka, huku wageni wakiulizia Kibo. Lakini wapandao kwa njia ya Rongai wengi hulala kwanza chini ya Mawenzi, mapafu yazoee, ndipo Kibo ipandike.

Mwaka 2024 wema wake ulionekana. Mtu aliyejipenyeza kwa muda mrefu katika mradi wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili, alitia humo mlango wa siri. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakapokelewa na Sid, asiyefukuza mgeni. Mtaalamu wa programu Andres Freund, akifanya vipimo kwenye mashine ya Sid, akaona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, kunachelewa. Nusu sekunde tu! Akachimba, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Toleo rasmi halikuguswa, likapongezwa kwa usalama wake. Mkulima wa Kibosho analijua jambo hili: michotara ya kahawa ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) inayostahimili chulebuni na kutu ya majani ilijaribiwa kwanza, na kila mche uliougua huko majaribioni ulimwepushia hasara yeye.

Watasema Sid anamaliza bando. Anamaliza. Watasema anavunjika usiku wa kuamkia mtihani. Kweli, na hapo ndipo mwanafunzi anapousoma ujumbe wa kosa hadi mwisho, ujumbe ambao mwenzake wa toleo rasmi huufunga na kumkimbilia fundi. Pingamizi zito ni kwamba ukimchoka huwezi kurudi nyuma: Debian haihimili kushusha matoleo, hivyo ama usakinishe upya au usubiri yaliyo rasmi yakufikie. Basi subiri. Ni mfumo gani mwingine unaofundisha subira bila ada? Aliyeandika jina la trixie, tawi la kati la wakati huo, kwenye orodha ya vyanzo vyake alikaa kitako, na tarehe 9 Agosti 2025 akajikuta kwenye toleo rasmi bila kugusa kitu. Sid, aliyekuwa amebanwa miezi yote ya ugandisho, akafunguliwa kama mfongo wa kumwagilia, vifurushi vipya vikashuka kwa mkupuo.