Feni Langu Limehamia Dodoma

Jamani, Dodoma ilipangwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Serikali nzima, na magari yake yote, ikajivuta weee, mpaka 2016 ndipo ikaanza kuhama kwelikweli. Sasa mimi, karani wa masjala, barua napewa Alhamisi, Jumatatu natakiwa niwe nimesharipoti! Hata godoro nimelifunga huku nakimbia.

Nikabeba feni. Lile kubwa la kusimama. Blanketi nikamwachia dada, Temeke, kule Dar. Si wanasema Dodoma nchi kame? Nimeshuka mwezi wa saba. Ukame na baridi vinakaaje sehemu moja, mimi nitajulia wapi? Upepo wa huku unaanza jioni, umebeba vumbi, na unajua kabisa dirisha la nani halifungi. Nalala na soksi, suruali mbili, na koti la suti niliyoolea. Feni liko kona limevikwa fulana zangu.

Nyumba nimepata kwa dalali. Dalali ukimwambia umehamishwa kikazi, anacheka mpaka gego linaonekana. Elfu kumi ya kuonyeshwa. Kodi ya mwezi mmoja, yake. Ya miezi sita, ya mwenye nyumba. "Bosi wangu, hapa mpaka ofisini kwenu Mtumba unatembea tu kwa miguu." Nikamshukuru, nikamnunulia na soda. Asubuhi namwambia bodaboda nipeleke Mtumba, kijana akazima pikipiki ndiyo akacheka vizuri. Nyumba iko Nkuhungu. Mtumba iko ng'ambo ya pili ya mji, barabara ya kurudia Dar! Nauli ya wiki ile ilimaliza hela ya unga.

Tuje kwenye maji. Yana chumvi, lakini nani aliniambia? Najipaka sabuni, povu hakuna. Naongeza, hakuna. Nikajua huyu mangi mwenye duka kaniuzia sabuni feki. Nikatoka na taulo, kichwa cheupe, mpaka dukani, mbele ya akina mama waliofuata mafuta ya kupima. Nikagomba, nikapiga na meza. Mangi akasubiri nimalize, akaniuliza kwa upole, "Kaka, umetoka Dar, eeh?" Akina mama wakaitikia kama kwaya: "Aaaah!" Tangu siku hiyo pale mtaani jina langu ni Baba Povu. Mtoto wa mwenye nyumba ananisalimia hivyo hivyo, shikamoo Baba Povu, na mimi naitika marahaba, nifanyeje?

Mchana nakula kwa mama lishe. Ugali wa uwele na mlenda. Nimechovya, nimeinua tonge, uzi wa mlenda nao umeinuka. Nikainua mkono zaidi, uzi ukafuata. Nikasimama. Uzi umeanzia kwenye bakuli, umepita juu ya tai, umetua kwenye kitambulisho cha kazi, umeniziba uso kwenye picha. Kitoto cha darasa la pili pembeni yangu kikanihurumia: "Anko, zungusha mkono ukate." Kikazungusha chake, uzi ukakatika, kikala. Mimi nilizungusha, nikajifunga kiwiko. Mzee mmoja mwenye fimbo akapita, akasema kwa furaha, "Mbukwenyi!" Nikamjibu, "Hapana mzee, nimeshiba." Benchi zima lilicheka, kumbe nimesalimiwa.

Haya yote mke wangu hayajui. Kwenye simu nampa sifa tu: zabibu tamu, barabara pana, nimeshakuwa mwenyeji. Ujinga wangu, sifa zimezidi. Sasa anakuja na mama yake. Enzi za basi ungesema safari ni ya kutwa nzima, mtu una muda wa kufagia na kuomba mkopo. Hii treni ya SGR iliyoanza 2024, wanapanda Dar asubuhi, kabla hujachemsha maharage washafika! Mama mkwe mwenyewe miguu inamsumbua, kaniuliza kama kutoka nyumbani mpaka ofisini kwangu ni mbali.

Nimemwambia unatembea tu kwa miguu.