Mpira Umeanguka, Mtu Yuko Nje

Tangu nichezeshe mechi ya besiboli Jumamosi nikiwa refa, sipiti stejini kwa bodaboda hapa Mbale bila mtu kunyoosha kidole angani na kupaza sauti: "Auti!" Wenzake wanacheka mpaka wanashikilia pikipiki. Mmoja ameniuliza nilikula ngapi. Sikula kitu, hata soda ya marefa ilinywewa meza kuu.

Kisa chenyewe hakikufika dakika. Wakimbiaji wawili walikuwa besi ya kwanza na ya pili, hakuna aliyetolewa. Kijana akaupiga mpira ukapaa wima kuelekea mlima Wanale, kisha ukaanza kushuka juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya pili. Nikanyoosha mkono: mpigaji yuko nje. Mpira bado uko juu. Mlinzi, sijui alinishangaa mimi au jua lilimpiga machoni, akauacha ukaanguka kwenye nyasi.

Uwanja ukalipuka. Mama muuza karanga akaingia hadi ndani ya mstari, sinia kichwani.

"Mwanangu, umeanguka chini! Tumeuona sote!"

"Mama, ni kanuni."

"Kanuni ya nani?"

Hakusubiri jibu, basi nalitoa hapa. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka, na wenzake hubaki kwenye besi zao. Ukianguka, wote wanalazimika kukimbia, kila mmoja akimpisha wa nyuma yake. Sasa mlinzi mjanja anauona mpira unamshukia mkononi. Wakimbiaji wametulia, wanajua ataudaka. Anauachia makusudi, anauokota, anautupa besi ya tatu, wa tatu anautupa ya pili: watu wawili nje kwa hila moja. Wamarekani walichoka na hila hiyo, na mwaka 1895 wakaanza kutunga kanuni ambayo leo inasema hivi: ikiwa kuna wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zimejaa, na waliotolewa hawajafika wawili, mpira wa juu ambao mlinzi wa ndani anaweza kuudaka bila taabu unamtoa mpigaji papo hapo. Udakwe, usidakwe. Yaani mpigaji anatolewa ili wenzake wasidhulumiwe! Siku niliyoielewa nilicheka peke yangu kitandani. Mwaka 1975 jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha makala nzima juu ya asili yake. Na wa kuamua kipi ni "bila taabu" ni refa, pale pale, mpira ukiwa hewani na mama wa karanga akitazama.

Pale uwanjani kocha naye akaja na swali baya zaidi: "Cheti chako kiko wapi?"

Cheti hakijatoka. Tulikwenda kozi ya marefa Jinja, tukalipa ada, tukafanya mtihani, tukapigwa picha tukipokezana kinyago kimoja cha kukinga uso. Vyeti, tukaambiwa, "viko kwenye saini". Saini hiyo inakwenda polepole kuliko lori la miwa barabara ya Iganga. Nauli ya Mbale hadi Jinja natoa mfukoni kila wenye kozi wakiniita, na nisipokwenda nasemwa sina nidhamu.

Karatasi imewaumiza wengine kuliko mimi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda kule Poland, wakapata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za watoto. Wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu za umri na tarehe za kuzaliwa. Januari 2012 watoto wa Langley, Canada, waliokuwa wacheze nao, wakapanda ndege wakaja wenyewe Uganda. Wakafungwa 2-1. Agosti mwaka huo watoto wa Lugazi ndio wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Wale wa 2011 hakuna aliyewarudishia mwaka wao, na hilo silicheki.

Mengine ni madogo. Jinja nilifokewa kwa kufagia besi ya nyumbani makalio yakiwa upande wa mgeni rasmi. Heshima ni kuyageuza upande wa mrushaji. Kidude changu cha kuhesabia mirusho kilibaki kwenye teksi ya Tirinyi.

Wewe unayefikiria kozi, kwanza uliza nani anatia saini na nauli ni ya nani. Filimbi usinunue. Besiboli haina filimbi.