Majani Hayana Uhai

Sony walipoitoa PS5 Pro Novemba 2024 kwa dola 700 kasoro senti moja, waliisifu kwamba inachora picha haraka kuliko PS5 ya kawaida kwa asilimia 45. Kitundu cha kuingizia diski hakimo. Hicho unakinunua kando. Kigoda cha kuisimamisha nacho kina bei yake. Kuilaza tu ndiyo bure.

Shemeji yangu anaitaka. Eti kwenye PS5 yake majani ya uwanjani “hayana uhai”. Kumbuka ana gemu moja tu, la mpira, na kila msimu hununua lilelile lililobadilishwa jezi. Kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu bado wanacheza PS3, pedi imefungwa raba, alama ya kitufe cha shuti imeshafutika kwa vidole. Humo ndimo anamopigwa tano bila na watoto wa darasa la sita.

Yeye anasema tatizo ni fremu. Sasa anapiga hesabu: auze ya zamani, aongezee hela ya upatu ya dada. Dada ameshasikia. Ameuliza swali moja tu: hiyo Pro inajua kupika?